Yah: Malalamiko kuhusu blowa iliyobandikwa lebo ya uongo

Luchelele,
Mwanza.
12 Machi 2025

Meneja Mauzo,
Tawi la Mwanza.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Januari nilinunua dukani kwenu blowa (mashine ya kupuliza hewa) ya umeme wa fezi moja, valvu nne za kuzuia hewa isirudi, koki nne na mpira wa inchi mbili. Blowa peke yake niliilipia Sh 1,450,000, na risiti ya EFD ninayo. Valvu, koki na mpira sina neno navyo, ni vitu vizuri. Malalamiko yangu ni ya blowa, pamoja na majibu niliyopewa nilipoileta.

Fundi wenu aliandika kwenye fomu kwamba nimeitumia kwa "matumizi ya kienyeji yasiyoeleweka", kwa hiyo waranti haihusiki. Kwa kuwa hakuniuliza, naeleza hapa.

Nina boti ya faiba ya futi 22 yenye injini ya HP 60. Ikijazwa mafuta inakaribia kilo 900. Ikilala majini wiki chache tu, tumbo linaota utelezi wa kijani, mafuta yanaliwa zaidi na kasi inashuka. Magugu maji nayo yakiletwa na upepo usiku, asubuhi unayakuta yamejazana kwenye propela. Kuivuta ufukweni kwa kamba kunataka vijana wasimame kwenye maji ya kiuno, na mtu wa ziwani haambiwi kichocho kinapatikana wapi. Reli na winchi ya kujengea ardhini niliifikiria, nikaiacha. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na gati langu la mbao la wakati ule lilifunikwa lote. Tangu hapo najenga vya kuelea tu.

Ndiyo nikaamua kutengeneza kiinua-boti cha hewa pembeni mwa gati. Ni fremu ya chuma yenye mapipa manane ya plastiki ya lita 200, manne kila upande, yamelazwa na kutobolewa matundu upande wa chini. Ukifungua koki hewa inatoka, maji yanaingia kwa chini, fremu inazama na boti inaingia juu yake. Ukiwasha blowa, hewa inaingia kwa juu ya pipa, inayasukuma maji yatoke kwa matundu yale yale, na fremu inapanda na boti mgongoni. Kila lita ya maji inayotolewa inabeba karibu kilo moja, kwa hiyo mapipa manane yanatosha boti na fremu yenyewe, na akiba inabaki. Nimeyagawa makundi manne, kila kundi na koki yake na valvu yake, kwa sababu yakiunganishwa yote hewa hukimbilia upande ulioinuka na boti inalala ubavu. Hakuna cha kupasuka hapo. Hewa ikizidi inatokea chini ikiwa mapovu. Sioni kisichoeleweka.

Kazi hii haihitaji presha kubwa, ila ile inayohitajika lazima iwepo. Fremu ikiwa imezama, mgongo wa pipa uko sentimita 70 chini ya uso wa maji, na sehemu yake ya chini kabisa iko karibu sentimita 128. Blowa isiyoweza kusukuma maji ya kimo cha sentimita 70 haitaingiza hata povu moja. Hayo nilimweleza kijana wenu wa kaunta kwa mdomo, kisha nikamtumia mchoro kwa WhatsApp na kumwandikia kwamba nataka blowa ya kuanzia kPa 13 (kilopaskali, kipimo cha presha). Akanitolea hii yenye lebo ya kPa 15, ambayo ni sawa na kimo cha maji cha sentimita 153 hivi. Maneno yake, ambayo bado ninayo kwenye simu: "Mzee wangu, hii inapandisha hata pantoni."

Siku tuliyoifunga, blowa ilinguruma vizuri, mpira ukakakamaa, fremu haikutikisika. Tukapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, hakuna palipovuja. Fundi umeme akapima volti blowa ikiwa inazunguka, akapata 228. Nikachukua mpira wa levo, ule mwembamba unaoona ndani wanaotumia waashi, nikaukunja kama herufi U, nikaumiminia maji ya rangi hadi nusu, nikaunganisha ncha moja kwenye mdomo wa blowa na kuuziba mdomo wote usitoe hewa pengine. Maji yakashuka upande mmoja, yakapanda upande wa pili, yakasimama. Tofauti yake kwa futi kamba: sentimita 62. Hapo blowa imezibwa kabisa, yaani inatoa presha yake yote ya mwisho. Video ya kipimo hicho nilimwonyesha fundi wenu, akaitazama kidogo akanirudishia simu.

Kisha zikaanza sababu, kila mtu na yake. Wa kwanza alisema umeme wangu ni mdogo, volti nimeshazitaja. Wa pili alisema hewa ya Mwanza ni nyepesi, na huyu namheshimu kwa sababu alichosema ni kweli. Ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na blowa ya aina hii huku kwetu hupoteza kama sehemu moja ya nane ya presha yake. Lakini toa moja ya nane kwenye sentimita 153, unabaki na 134. Wa tatu akaniambia niachane na blowa ninunue kompresa ya gereji, ambayo kwa bahati mnayo dukani. Kompresa ya kujazia matairi inatoa presha mara nyingi zaidi ya ninayohitaji, na hewa kidogo sana kwa dakika. Mapipa yangu ni lita 1,600. Ingepandisha, sikatai, huku inanguruma mfululizo mpaka ichemke, kila ninapotaka kutoa boti. Na hata kama ingefaa, sikuja kwenu kuulizia kompresa.

Jibu la zile sentimita 62 nililipata nyumbani, wakati naifunga blowa kwenye boksi lake. Kona ya stika ya kPa 15 ilikuwa imelegea kwa unyevu. Niliivuta kidogo kwa ukucha. Chini yake kuna kibao cha bati kilichopigwa ribiti nne kwenye mwili wa mota, chenye modeli ile ile na namba ya mashine ile ile iliyo kwenye risiti yenu. Pale kwenye presha pamechongwa 7 kPa. Hiyo ni sentimita 71 za maji. Toa moja ya nane ya mwinuko wa Mwanza, unapata 62. Blowa haina ubovu wowote, ndugu Meneja. Inafanya kazi yake sawasawa kama ilivyotoka kiwandani. Kilichonidanganya ni stika.

Kama imebandikwa kwa msambazaji, njiani au stoo kwenu, hilo mtalitafuta wenyewe. Ninachojua ni kwamba niliposimama kaunta niliona nyingine mbili za aina hiyo hiyo kwenye shelfu, zikiwa na stika hiyo hiyo. Mimi nimepoteza muda na pesa, na boti yangu inaendelea kuota utelezi. Lakini wateja wenu wengi huku ni wafuga samaki. Mtu mwenye mabwawa ya sato akinunua blowa hiyo, akashusha mawe yake ya hewa, yale yanayotoa mapovu, kwenye kina ambacho lebo inasema inafika, atawasha jioni, atasikia ngurumo, ataenda kulala. Oksijeni ya bwawa hushuka zaidi usiku wa kuelekea alfajiri. Huyo mtamwandikia nini kwenye fomu yake?

Kuhusu waranti: sidai waranti. Waranti ni ya kitu kilichoharibika, na hiki hakijaharibika. Ninadai kwa sababu mmeniuzia kitu kisicho kile kilichoandikwa juu yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya, akategemea ujuzi wake. Mimi nilieleza kazi kwa maandishi, nikachora na picha. Kwa hiyo hoja ya kwamba kiinua-boti changu ni cha kutengeneza nyumbani haina mahali pa kukaa. Kingekuwa cha kuagizwa Marekani, stika ingebaki kuwa ya uongo.

Ninaomba mojawapo ya mambo mawili. Ama mnirudishie Sh 1,450,000 pamoja na Sh 60,000 za usafiri wa kuileta na kuirudisha, au mnipe blowa yenye kPa 15 za kweli, na ipimwe mbele yangu kwa mpira wa maji kabla sijaipakia. Mpira nitakuja nao mwenyewe. Kwa hapa Mwanza maji yakivuka sentimita 130 nitapokea na hatutakuwa na neno. Zaidi ya hayo, naomba zile mbili za kwenye shelfu ziondolewe hadi stika zake zibanduliwe na kibao cha chini kisomeke. Hili si ombi la pesa, na halihitaji kibali cha makao makuu.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, nitapeleka risiti, meseji, video na picha za stika na kibao Tume ya Ushindani, na nitafungua dai la pesa yangu mahakamani.

Blowa iko kwangu, haijafunguliwa hata skrubu moja, na stika imebanduka kona moja tu. Mkitaka kumtuma mtu aje kuikagua, karibuni siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi. Asije na gundi.

Wako mteja,

(sahihi)

Mwenye boti, Luchelele

Viambatisho: nakala ya risiti, picha za stika na kibao, mchoro wa kiinua-boti, nakala za meseji.