Risala ya Wanafunzi Waundaji wa Ndege za Karatasi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Kazi za Mikono

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu nakukaribisha kwa heshima na taadhima katika maonyesho yetu. Tumefurahi kwamba umeitikia mwaliko wetu, na tumefurahi zaidi tulipoambiwa kuwa wewe ni mhandisi uliyefanya kazi miaka mingi kwenye ndege zenyewe. Furaha hiyo, tukisema kweli, imechanganyika na hofu. Wageni wengi husimama mbele ya meza yetu, wakasema ndege ni nzuri, wakapita. Wewe tunajua utainama na kuanza kuhesabu silinda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndege iliyo mbele yako ni Douglas DC-3, ndege ya abiria ya zamani yenye injini mbili, iliyoundwa kwa karatasi na kadibodi kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 ya mfano ni sentimita 50 za ndege halisi. Ndege halisi ya aina hiyo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, miaka 32 kamili tangu siku ndugu Wright walipoinua ndege yao kutoka ardhini. Mabawa yake yana upana wa mita 29 hivi kutoka ncha hadi ncha, na urefu wake unakaribia mita 20, kwa hiyo yetu ina sentimita 58 kwa sentimita 39. Skeli hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Mstari wa penseli butu, wenye unene wa nusu milimita, ukiachwa kwenye ubavu wa mfano huu ni sawa na ufa wa milimita 25 kwenye ndege halisi, yaani ufa ambao hakuna fundi angeuruhusu uruke.

Kazi hii si ngeni duniani. Katika karne ya 19 wachapaji wa Épinal nchini Ufaransa na wa Esslingen nchini Ujerumani walikuwa wakiuza karatasi zilizochapwa majumba na magari ya kukata na kubandika. Nchini Poland, jarida la ndege na meli za namna hiyo lilianza kutolewa mwaka 1957, na waundaji wa huko wamezoea skeli ya 1:33 kwa ndege. Sisi tulichagua 1:50 kwa sababu isiyo ya kitaalamu hata kidogo: kwa 1:33 mabawa yangefika sentimita 88, na mlango wa chumba tulichopewa hauruhusu kitu cha upana huo kutoka kikiwa kimelala.

Tulianza kwa kudhani kwamba karatasi ni karatasi. Mfano wa kwanza, ambao leo haupo mezani, ulitufundisha kwamba karatasi ina mwelekeo kama ubao, kwa kuwa nyuzi zake hulala upande mmoja inapotengenezwa kiwandani. Ukiikunja sambamba na nyuzi inatii. Ukiikunja kinyume chake inapasuka vipande vidogo vidogo, na mkunjo unakuwa na meno. Njia tunayotumia kuutambua mwelekeo huo ni kukata kipande kidogo cha mraba, kukilowesha upande mmoja kwa kidole chenye maji, na kusubiri: kipande hujiviringa chenyewe, na mhimili wa ule mviringo ndio mwelekeo wa nyuzi. Tangu hapo hatukati kipande chochote cha kiwiliwili kabla ya jaribio hilo, na ngozi yote ya ndege hii, ambayo ni karatasi ya gramu 160 kwa mita ya mraba, imekatwa nyuzi zikielekea kutoka pua hadi mkia ili iviringike bila ugomvi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kosa lililotugharimu zaidi lilikuwa la hesabu, na tulilifanya tukiwa na uhakika kwamba hesabu yetu ni sahihi. Kiwiliwili kimejengwa juu ya viunzi vya duara vya kadibodi ya milimita 1, vilivyopangwa kwa zamu kama pingili, kisha vikavishwa ngozi. Kiunzi kimoja cha katikati kilikuwa na kipenyo cha milimita 48. Tulizidisha kwa pai, tukapata mzingo wa milimita 150.8, tukakata ukanda wa urefu huo kwa uangalifu mkubwa, tukauzungushia. Ncha hazikukutana. Ulibaki mwanya mwembamba, kama nusu milimita, ambao tuliukasirikia na kuuziba kwa gundi na rangi. Pingili iliyofuata nayo ikabaki na mwanya uleule, na ya tatu pia. Mwalimu wetu wa hisabati alipoletewa malalamiko hakuzungumza kitu. Alichukua ile karatasi, akaipima unene, akaandika ubaoni 0.2. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba ukanda unaozunguka duara una upande wa ndani na upande wa nje, na kwamba urefu wa kweli hupimwa katikati ya unene wake. Kipenyo cha kutumia kilikuwa milimita 48.2, na mzingo wake ni 151.4. Tofauti ya milimita 0.6 ndiyo iliyokuwa mwanya wetu. Tulivunja pingili zote tatu na kuanza upya, na tangu siku hiyo unene wa karatasi tunaupima kabla ya kushika mkasi.

Pua ya ndege ilitushinda kwa namna nyingine. Karatasi hukubali kupindwa upande mmoja tu kwa wakati. Unaweza kuifanya bomba au koni, lakini ukitaka ipinde huku na kule kwa pamoja, kama ganda la yai, itakunjamana au itachanika. Ni shida ileile inayowakuta wachora ramani wanapotaka kuulaza mpira wa dunia mezani. Pua ya DC-3 imeviringana kila upande, kwa hiyo tuliigawa katika pete tano, kila moja ikiwa kipande cha koni chenye mwinamo wake, na ncha ya mbele kabisa tukaikata kama petali za ua, tukazikusanya na kuzibandika moja baada ya nyingine juu ya kitu cha mviringo. Ukitazama kwa karibu utaziona pete hizo zinavyobadilika kutoka moja hadi nyingine. Kuna waundaji wanaozificha kwa lipu na msasa. Sisi tulikubaliana kuziacha, kwa maana ndege ya karatasi iliyopakwa lipu mpaka karatasi isionekane imepoteza haki ya kuitwa ya karatasi, ingawa najua wapo wanakikundi wawili ambao mpaka leo hawajaukubali uamuzi huo.

Naomba sasa nikuelekeze kwenye injini, kwa kuwa hapo ndipo tulipotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. DC-3 nyingi zilifungwa injini za Pratt & Whitney zenye silinda 14, zilizopangwa duara katika safu mbili za silinda 7 kila moja. Tulijiuliza kwa nini saba na si sita au nane. Jibu tulilolipata ni kwamba injini ya mipigo minne, yaani ambayo kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, ikiwa imepangwa kwa duara huwasha silinda kwa kuruka moja, moja, katika mizunguko miwili, na mpangilio huo hukamilika bila kurudia silinda ileile pale tu idadi ya silinda katika kila safu ikiwa namba witiri. Jawabu lilitupendeza, lakini lilitupa adhabu, kwa sababu duara halitaki kugawanyika kwa saba. Nyuzi 360 ukizigawa kwa 7 unapata 51 na sehemu zisizokwisha, na protrakta yetu haina alama ya sehemu zisizokwisha. Mwanakikundi mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyetutoa hapo. Alikata ukanda wa karatasi wa milimita 28, akautia alama kila baada ya milimita 4, akaukunja kuwa pete. Pete hiyo, yenye kipenyo cha karibu milimita 9, ikawa ndiyo kitovu cha injini, na alama saba zikakaa mahali pake bila protrakta.

Silinda zenyewe ni karatasi nyembamba iliyoviringwa juu ya sindano ya kushonea, ikabandikwa, ikavutwa sindano, kisha ikazungushiwa uzi mweusi ili kuonyesha mapezi ya kupozea. Tunakiri kwamba uzi si karatasi. Kila silinda ina upana usiofika milimita 4, na kwa injini mbili zilihitajika 28. Tulitengeneza 41, kwani zile zilizochanika wakati wa kuvuta sindano ni nyingi kuliko tulivyotarajia. Safu ya nyuma imekaa katikati ya nafasi za safu ya mbele, kama ilivyo kwenye injini halisi ili hewa izifikie zote. Ukichungulia mbele ya pangaboi, kwa mwanga wa kutosha, utaiona.

Kuhusu mabawa sina maneno mengi. Kipande cha kati kimelala sawa, vya nje vinainuka, na ndani mna mhimili wa kadibodi unaopita tumboni mwa ndege kutoka bawa hadi bawa. Gundi nyeupe ina maji, na maji huivimbisha karatasi. Bawa la kwanza lilikauka likiwa limejipinda kama jani la mgomba lililokaa juani. Siku hizi tunapaka gundi kidogo sana kwa ncha ya kijiti, na bawa hulala chini ya vitabu usiku kucha. Kingo zilizokatwa, ambazo huonyesha weupe wa ndani ya karatasi, tunazipaka rangi kabla ya kubandika, na kazi hiyo ndogo ndiyo inayowafanya watu waulize kama ndege hii ni ya bati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na hayo tunazo changamoto. Hatuna kabati lenye kioo, na vumbi likishaingia kati ya silinda halitoki tena, kwa kuwa brashi yoyote inayoweza kulifikia inaweza pia kuzing'oa. Unyevu nao hulegeza viungo, na mfano wetu wa pili ulianguka mkia bila kuguswa na mtu. Tunakatia juu ya mbao za zamani ambazo mikwaruzo yake huupotosha wembe, kwa hiyo tungeshukuru kupata mabamba ya kukatia na rula za chuma, walau tatu. Taa ya mezani pia inahitajika, kwani kazi ya injini hufanyika karibu na dirisha tu, na jua likishapita upande wa pili tunalazimika kuacha.

Ombi kubwa zaidi, hata hivyo, halihusu vifaa. Tunaomba ukague ndege hii kama unavyokagua ndege halisi na utuambie palipokosewa. Kosa moja tunalijua: ncha ya bawa la kushoto imeinuka milimita 2 kuliko ya kulia, ambazo kwenye ndege halisi ni sentimita 10, na hatukuthubutu kulirekebisha kwa sababu mhimili umekwisha kubandikwa. Tunaamini yapo mengine. Karibu na ndege tumeweka karatasi na penseli iliyochongwa vizuri, na mwanakikundi mmoja atasimama hapo kuandika kila utakachosema.

Ukitaka kuinyanyua, tafadhali ishike chini ya tumbo, pale kipande cha kati cha bawa kinapopita, wala usiishike kwa mkia, na mapangaboi usiyazungushe kwa nguvu, kwani lile la kulia limebandikwa asubuhi ya leo na gundi yake haijakauka sawasawa.

Ahsante kwa kutusikiliza, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Naomba kuwasilisha.