Kwa wavuvi na mama samaki wa Dunga: mwenzenu mwenye kifafa asifukuzwe ufuoni

Wanangu wa ufuo wa Dunga, Kisumu,

Mwenzenu akianguka pale ufuoni, wengine hukimbia povu na wengine hukimbilia kijiko cha kumtia mdomoni asimeze ulimi. Wote mnakosea. Povu ni mate ambayo ameshindwa kuyameza, na kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Ulimi nao haumezwi. Kijiko huvunja meno, na kipande cha jino kikishuka kwenye njia ya hewa, hapo ndipo mtamkaba kweli.

Ondoeni visu, ndoano na mawe karibu naye. Kunjeni shati mliweke chini ya kichwa, legezeni kola, mtazame saa. Msimkandamize. Mtikisiko ukiisha, mlazeni ubavu ili mate yatoke. Kaeni naye mpaka aweze kujitaja jina na kusema yuko wapi; kabla ya hapo asinywe maji, uji wala dawa. Zikipita dakika 5 bado anatikisika, au akishikwa tena kabla fahamu hazijarudi, tafuteni gari mumpeleke hospitali. Gari, si boda: mtu asiye na fahamu hapakiwi kwenye pikipiki. Na viatu vya kunusishwa, virudisheni miguuni.

Akishikwa majini, mshikilieni kichwa kutoka nyuma, uso ukae juu ya maji, mngoje mtikisiko ukome ndipo mumtoe. Kama hapumui, anzeni kumpulizia pumzi na kumsukuma kifua. Hata akiamka akisema yuko sawa, lazima aonwe na daktari, kwa sababu maji huenda yameingia mapafuni.

Sasa kazi. Hapa najua tutabishana. Omena (dagaa) huvuliwa usiku, na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha kifafa. Kwa hiyo, ambaye bado anashikwa asiingie ziwani usiku, hata akiwa na jaketi la kuelea, na asisimame mbele ya karai la mafuta ya moto. Lakini kushona nyavu, kuanika omena, kupima na kuandika hesabu kunamkataza nani? Kamati ya BMU, yaani ya usimamizi wa ufuo, inayomnyima kazi zote inamnyima pia nauli ya kliniki, kisha inashangaa kwa nini anaanguka kila wiki.

Maana vidonge ndivyo vinavyoshikilia hali. Watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa wakipata dawa inayofaa na kuimeza kila siku. Tatizo huja mtu akipona miezi mitatu, akaacha. Fenobabito, moja ya dawa za kifafa, ikikatwa ghafla huweza kuleta mtikisiko usiokoma, na huo huua. Kupunguza huamuliwa na daktari, kwa kawaida baada ya angalau miaka 2 bila kushikwa, tena polepole. Mnaomwombea, ombeni, ila msimwambie atupe vidonge.

Kina mama, binti akipewa valproeti, nayo dawa ya kifafa, muulizeni daktari kama ipo dawa nyingine: hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Akiwa tayari anaimeza, asiiache mwenyewe. Anayemeza ARV au aliyewekwa vipandikizi vya uzazi amwambie daktari wa kifafa, kwa kuwa dawa za kifafa kama kabamazepini na fenobabito hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa hizo. Na chama kikikaa mwisho wa mwezi, nauli yake ya kliniki iwekwe kwenye hesabu pamoja na matanga.