Si vumbi, ni yale maji meupe

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka nenda rudi na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari ya mafundi wa karakana wanaokohoa, ambayo mwandishi wenu aliifunga kwa kulaumu vumbi na sigara, imenishinda. Sigara sijawahi kuvuta. Nimekereza vyuma mpaka nikastaafu, na kilichonila kifua ni yale maji meupe ya kupozea chuma kinapokatwa.

Maji yale yana mafuta, na bakteria wanayapenda. Mashine ikilala siku mbili tatu, mafuta machafu yanaelea juu ya maji tangini, hewa haipenyi, na bakteria wasiohitaji hewa wanazaana chini. Ikiwashwa, maji yanaruka kama ukungu, nasi tunavuta. Baada ya sikukuu moja ya Pasaka tuliwasha mashine, karakana nzima ikanuka mayai viza. Msimamizi hakusema tangi lioshwe, la! Alimtuma kijana dukani akaleta dawa ya chooni yenye harufu ya ndimu, chupa nzima ikamiminwa humo, tukaambiwa tuchape kazi, oda ya watu inasubiri. Jioni homa ikapanda, kifua kikabana. Zahanati wakanipa dawa ya malaria. Homa iliporudi tena wakapima makohozi, kifua kikuu hakikuonekana. Nikienda kijijini likizo napona, nikirudi mashineni naanza upya, na hakuna daktari hata mmoja aliyeniuliza nafanya kazi gani. Bakteria hata wakifa, mabaki yao bado yanadhuru mapafu. Ndiyo maana tangi linatakiwa kumwagwa na kusuguliwa, si kutiwa manukato.

Hili si jambo geni. Uingereza, kwenye kiwanda cha injini cha Longbridge, Birmingham, mwaka 2003 na 2004 makumi ya wafanyakazi waliugua pumu na kuvimba mapafu kwa ukungu huohuo.

Na hizi pakiti za maziwa tunazogawiwa viwandani, eti yanasafisha kifua? Maziwa yanakwenda tumboni, jamani! Wakaguzi nao wakija wanahesabu mitungi ya kuzimia moto, wanakunywa soda, wanaaga.

Pendekezo langu: kila Jumatatu meza ya meneja ihamishiwe kando ya tangi, kuanzia saa moja asubuhi mpaka chai ya saa nne, feni zikiwa zimezimwa. Pakiti yake ya maziwa apewe.

Mkerezaji mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam