Msafiri wa peke yake asilipishwe gari zima

Mhariri, naomba nafasi niwaambie wenye kampuni za utalii hapa Zanzibar, sie tunaokuja peke yetu bila gari tunaumia jamani. Ukiuliza safari ya siku moja unatajiwa bei ya gari zima, na boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe ni vilevile, boti ni boti hata ukiwa mmoja, sasa mwalimu wa Tabora ataiweza wapi? Wekeni siku za kuchanganya watu na muandike bei ya siti, na museme wazi kama kiingilio na chakula vimo ndani maana hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Na wasafiri wenzangu, sio kila sehemu inahitaji safari ya kampuni. Msitu wa Jozani, daladala za Jambiani na Makunduchi zinapita getini kabisa, unashuka, unalipa kiingilio na guide yupo hapohapo anakuonyesha kima punju. Pesa wekeni kwa mashamba ya viungo, kule bila mtu wa kukuelezea utaona majani tu. Dada zangu, ulizeni kabla ya kulipa, mtarudishwa hadi mlangoni au mtaachwa Darajani mjini usiku?