Makaratasi Yako Yashike Mwenyewe

Mafinga, Iringa

Kamwene mwanangu,

Barua yako imenifikia, na habari kwamba chuo cha Ujerumani kimekupokea tumeipokea kwa shukrani kubwa. Bibi yako amekwishawatangazia hata majirani wa ng'ambo ya bonde. Sisi hapa tu wazima, ingawa baridi ya Mufindi unaijua. Nakuandikia hasa kuhusu lile uliloniuliza mwishoni, kama umkabidhi yule wakala shughuli nzima ya viza ili wewe uendelee na masomo ya lugha huko Dar es Salaam. Jibu langu ni hapana, na ningependa uzielewe sababu zangu.

Wakala akikujazia fomu, jina ni lako na sahihi ni yako, na siku ya miadi pale Umoja House, ulipo ubalozi wa Ujerumani, atakayetoa alama za vidole na kujibu maswali ni wewe. Sheria ya Ujerumani inayohusu ukaazi wa wageni inahesabu kuwa ni kosa la jinai kutoa maelezo ya uongo ili kupata viza au kibali, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 3. Namfahamu kijana wa huku kwetu ambaye taarifa yake ya benki ilitengenezwa na mtu wa namna hiyo. Alipoulizwa fedha zile zilitoka wapi alikosa la kusema, kwa sababu hata kiasi chenyewe hakukijua. Isitoshe, tangu Januari 2025 maombi ya viza za muda mrefu za nchi hiyo yanaweza kujazwa na kutumwa kwa intaneti, na wewe uliyesoma hadi shahada hushindwi kujaza fomu. Ada ya ubalozi ni euro 75. Anachokudai yule bwana juu ya hapo ni chake.

Fedha zako wewe zina chimbuko linaloelezeka, nami nataka uweze kulieleza bila kutazama karatasi. Ni ile misindano ya shamba la juu, ambayo mimi na marehemu baba yako tuliipanda kabla hujaanza shule. Mnunuzi alipokuja kuihesabu na kuipaka rangi mti mmoja mmoja, alitaka kunilipa taslimu palepale shambani, nikamwambia fedha zipitie benki na mkataba usainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji. Alinung'unika, lakini alilipa. Nakala ya mkataba huo iko kwenye bahasha yako. Ujerumani inamtaka mwanafunzi aonyeshe kuwa ana euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka mmoja, na njia iliyozoeleka ni kuziweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo humruhusu mwenyewe kutoa euro 992 tu kila mwezi. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mjomba wako ameniuliza kwa nini tusimwombe yule ndugu yetu aliyeko huko atie sahihi ya kukudhamini badala yake. Inaruhusiwa, lakini anayetia sahihi hiyo hubeba gharama zako mbele ya serikali kwa miaka 5, na sipendi kumtwika mzigo huo mtu mwenye watoto wake wakati miti ipo.

Kuhusu jina, nimevilaza vyeti vyako vyote mezani na kuvilinganisha herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinaandika jina la babu yako kwa herufi moja zaidi kuliko cheti chako cha kidato cha nne, na pasipoti imefuata cha kuzaliwa. Wapo watakaokwambia kwamba hilo ni dogo. Mimi nimefundisha shule ya msingi na kuandikisha watoto wengi, nami najua kwamba ofisa asiyekufahamu hana namna nyingine ya kujua kuwa hao wawili ni mtu mmoja. Nenda kwa wakili uape kiapo cha jina, kisha ukiambatishe kabla hujaulizwa. Tangu Julai 2025 Ujerumani imeufuta utaratibu wa kuandika barua ili ubalozi uutazame upya uamuzi wake. Aliyekataliwa ama huanza maombi upya au hufungua shauri katika mahakama ya Berlin, na sisi Berlin tutafikaje?

Rafiki yako anayekushauri uende kwanza kwa viza ya matembezi halafu uibadilishe ukiwa huko, mshukuru na usimfuate. Viza ile ni ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na kwa kawaida mtu wa nchi kama yetu hurudishwa nyumbani akaombe ile ya masomo.

Utakapofika, mwanangu, usidhani kazi imekwisha, kwani viza ni ya kukuingiza na kibali cha ukaazi ndicho cha kukuweka. Ndani ya wiki 2 tangu uhamie kwenye chumba unatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya mji, ukiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kuwa unaishi kwake, na kila ukihama utafanya hivyo tena. Chumba ambacho mwenyewe hataki kukupa barua hiyo kiache, hata kama ni cha bei nafuu. Ombi la kibali lifike katika ofisi ya wageni kabla viza haijaisha, kwa sababu ukiwahi, ukaaji wako unaendelea kuwa halali hadi ofisi itakapoamua, hata kama itachelewa; usipowahi, kila siku unayokaa ni kosa. Bima ya afya utaulizwa, na barua ya chuo pia. Kazi ya kujipatia senti inaruhusiwa kwa siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku, na ziandike kwenye daftari. Na hata ukinililia kwamba umetukumbuka, ukija likizo usikae nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6, maana kibali hufa chenyewe bila mtu kukuandikia barua.

Cheti halisi cha kuzaliwa sitakituma kwa basi. Nitashuka nacho mwenyewe wiki ijayo, pamoja na mkataba wa miti na taarifa ya benki yenye mhuri. Wewe panga siku ya kwenda kwa wakili nikiwapo, na fomu usiitume mpaka tumeisoma pamoja mstari kwa mstari.

Ni mimi, mama yako