Kipimo cha Jumamosi: someni kabla ya kuja

Habari za mazoezi, wanandondi na wanajudo.

Wengi mmeniuliza pembeni kama ile kofia ya kupimia ubongo mtakayovaa Jumamosi inapiga shoti. Haipigi! Haiingizi umeme kichwani. Inanasa tu umeme ambao ubongo wenyewe unautoa, nao ni mdogo mno, unahesabiwa kwa sehemu za milioni za volti. Ndiyo maana ukiuma meno au kukunja uso, umeme wa misuli unafunika kila kitu na tunaanza upya. (Mabondia, najua kuuma meno mmezoea.)

Zoezi lenyewe ni kusikiliza mlio uleule ukijirudia, na mara mojamoja unaingia mlio tofauti. Huo tofauti ndio unaoubonyezea kitufe. Takriban milisekunde 300 baada ya mlio huo kusikika, ubongo huonyesha wimbi liitwalo P300. Kimo chake kinadokeza umakini uliotumika, na kuchelewa kwake kunadokeza kasi ya kutambua. Kidole kinaweza kuchelewa ilhali ubongo umeshatambua, na hapo ndipo mimi nina hamu ya kuona zaidi.

Osheni nywele, msipake mafuta wala jeli. Laleni vya kutosha, na kahawa iacheni asubuhi hiyo.

Aliyepigwa kichwani hivi karibuni na bado ana kizunguzungu asije kupimwa. Amwone daktari kwanza.

Na hapana, sichagui timu kwa kipimo hiki. Siku moja haitoshi kumhukumu mtu.

Nitumieni majina kabla ya Alhamisi jioni.