Kabla Hujamwaga Jiki Kwenye Doa la Kutu

Mteja wetu mmoja alituletea kanzu nyeupe aliyokusudia kuivaa kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya mpwa wake, ikiwa na doa la kahawia mgongoni ambalo lilianza kama alama ndogo tu iliyoachwa na waya wa kuanikia nguo. Nyumbani walilimwagia jiki, wakaona halitoki, wakaongeza nyingine na kuiacha kanzu ilale ndani ya beseni usiku kucha. Ilipotufikia sisi madobi wa hapa Bombo, Uganda, doa lilikuwa limekolea, na tulipolisugua taratibu kwa kidole gumba nyuzi zikaachana. Doa lenyewe huenda tungelitoa, lakini kitambaa kilichokwisha kuliwa hakuna dobi anayeweza kukirudisha, na ilituuma sana kumrudishia mzee huyo kanzu yake ikiwa na tundu.

Kutu si uchafu kama uchafu mwingine. Jasho na mafuta hushikwa na sabuni na kuondoka na maji, ilhali kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji, nacho hakiyeyuki kwa sabuni hata ukifikicha mpaka vidole viume. Jiki nayo hufanya kazi kwa kuharibu rangi, na hapa hakuna rangi ya aina hiyo ya kuharibu. Inachofanya ni kukifanya chuma kishike kutu zaidi, huku chuma hicho kikiichochea jiki ishambulie nyuzi za pamba kwa nguvu pale pale penye doa. Ndiyo maana tundu hutokea mahali hapo na si kwingine. Kinachoyeyusha kutu ni asidi, na asidi isiyo kali iko jikoni mwako, ndani ya limau.

Kwa nguo nyeupe ya pamba, tandaza sehemu yenye doa juu ya taulo jeupe, kamulia limau hadi kitambaa kilowe, nyunyiza chumvi laini juu yake, kisha iache juani kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, ukiongeza maji ya limau kila unapoona panaanza kukauka. Usiache limau likaukie kwenye nguo, kwa sababu asidi ikikauka humo hudhoofisha pamba. Suuza kwa maji mengi, tazama doa limefifia kiasi gani, rudia kama bado lipo, na ufue kwa sabuni baada ya hapo. Siku ya mvua unaweza kutumia mvuke: chemsha maji sufuriani, shika kitambaa kikiwa kimenyooka juu ya mvuke, udondoshee limau tone kwa tone. Doa jipya mara nyingi hutoka kwa njia hiyo. Lililopigwa pasi au lililokaa miezi huhitaji kurudiwa mara kadhaa, na kwa hiyo tunakuomba usipige pasi nguo yenye kutu kabla doa halijatoka.

Kanzu zetu za huku zina nakshi ya rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani, na limau linaweza kuipausha. Doa likiwa karibu na nakshi, tumia kijiti chenye pamba badala ya kukamua, na kwa gomesi (vazi refu la heshima la wanawake wa huku) au nguo yoyote ya rangi jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Nawa mikono vizuri ukimaliza, kwa kuwa maji ya limau au ndimu yakibaki kwenye ngozi juani huweza kuiunguza hadi kutoa malengelenge.

Kuna hatari moja ambayo hatutaki mtu yeyote aipuuze. Jiki ikikutana na limau au siki hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu inayounguza macho na mapafu. Kama nguo imeshatiwa jiki, isuuze mara kadhaa mpaka harufu iishe kabisa kabla hujagusa limau.

Wateja wengine hutuambia kwamba hawana waya wala msumari karibu na kamba yao, na bado mashuka yote yanageuka manjano. Hapo tunauliza maji yanatoka wapi. Maji ya baadhi ya visima vya pampu hubeba chuma kilichoyeyuka, ama kutoka ardhini ama kutoka kwenye mabomba ya chuma yanayoliwa na maji yenye asidi. Yakitekwa ni meupe kabisa, lakini yakikaa kwenye ndoo wazi hadi kesho yake hubadilika na kuacha tope la kahawia chini. Ukitia jiki ndani ya maji hayo hubadilika haraka zaidi, na rangi yote huingia kwenye nguo. Yaache yatulie usiku mzima, chota ya juu taratibu bila kuyatibua, au kinga maji ya mvua kwa ajili ya nguo nyeupe, mradi mabati yako hayana kutu.

Kwa madoa sugu sisi hutumia dawa yenye asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu, na huishika kwa glavu. Hatuiuzi wala hatumpi mteja aende nayo nyumbani, hata akiomba kidogo tu. Unapotuletea nguo, tueleze kila ulichokwisha kuipaka, hata kama ni jiki na unaona haya kusema, kwa maana jibu lako ndilo linalotuonyesha tuanze na nini. Doa likikataa kutoka, utalipia kufuliwa peke yake.